Kidole Kisichosikia Moto

Kila asubuhi msusi alianza na nywele za jana. Alizifagia chini ya benchi, kwenye pembe za chumba na nyuma ya mlango. Nywele zina tabia ya kujificha. Kisha aliosha vitana, akavianika juu ya taulo, akabandika sufuria ya maji jikoni.

Maji yale hayakuwa ya chai. Yalikuwa ya kazi. Ukimaliza kusuka kwa nywele bandia, unachovya ncha zake kwenye maji ya moto. Zinatulia, hazifumuki.

Chumba cha kusukia kilikuwa mbele. Nyuma yake aliishi yeye, mume wake na binti yao mdogo. Kati ya kazi na nyumba palikuwa na pazia tu. Mteja aliyekaa kitini alijua leo kinapikwa nini, na nani amekataa kuoga.

Watu walimwita Vidole. Alisuka huku anaongea, huku anacheka, huku anamkemea binti yake. Mistari yake ilitoka imenyooka kama imepigwa rula.

"Unawezaje bila kuangalia?" wateja walimwuliza.

Yeye aliinua kidole cha shahada cha mkono wa kulia. "Macho yangu yako hapa."

Ni kweli. Kwa ncha ya kidole hicho aligawa nywele. Kwa kidole hicho alijua wapi pamekaza na wapi pamelegea, na kichwa gani kina kidonda. Bila kidole hicho, Vidole alikuwa mtu mwenye kitana tu.

Basi kidole hicho ndicho kilichougua.

Ilianza na kijinyama pembeni mwa ukucha. Alikivuta kwa meno, kama wengi wetu tunavyofanya. Kesho yake pakawa pekundu. Keshokutwa pakavimba, pakang'aa, pakaanza kupwita. Usiku hakulala.

Mume wake alifanya kazi kwenye kituo cha kutotolea vifaranga. Jioni alimkuta mke wake amekaa na mkono juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

"Mama watoto, umekwenda zahanati?"

"Niende saa ngapi? Wateja wamejaa. Na Jumamosi anakuja wifi yangu. Unamjua dada yako. Nikimwambia sisuki, ukoo mzima utasikia."

"Utasikia mpaka waliokufa," mume alisema. Kisha akafikiri. "Ngoja. Dawa tunayo humu humu ndani."

Akaenda chooni, akarudi na chupa ya soda. Ndani yake mlikuwa na maji mazito, rangi ya kahawa iliyoungua. Alipofungua kifuniko, harufu ilijaa chumba kizima. Ilikuwa harufu kali, kama ya lami.

"Hii tunachovyea mabuti kazini," alisema. "Mlangoni pana beseni. Hakuna anayeingia kwa vifaranga bila kuchovya. Awe mgeni, awe bosi, anachovya. Inaua kila kijidudu."

"Kila kijidudu?"

"Kila kimoja. Cha kwako kina ubavu gani?"

Akamimina kidogo kwenye bakuli, akanyoosha mkono achukue maji. Mke wake akamzuia.

"Maji ya nini?"

"Kazini tunatia maji mengi. Inageuka nyeupe kama maziwa."

"Kazini mnaosha mabuti, baba. Hiki ni kidole kinachoniua. Dawa ukiitia maji unaichosha."

Mume akajikuna kichwa. Dawa ile aliijua kwa rangi na kwa harufu. Kwa nini ilipimwa na kutiwa maji, hakuwahi kuuliza.

"Haya. Mwenye kidole ni wewe," alisema.

Msusi akatumbukiza kidole. Dawa ikachoma kidogo. Akang'ata meno. Kisha taratibu maumivu yakapungua, yakapungua tena, yakaisha.

"Yameondoka!"

"Nini?"

"Maumivu! Yote!"

Mume akavimba kama jogoo aliyeona kioo. "Nilikwambia. Sisi watu wa kuku si watu wa mchezo."

Usiku ule Vidole alilala fofofo. Asubuhi akaloweka kitambaa kwenye dawa ileile, akakifunga kidoleni. Lakini harufu ilimsumbua. Mteja anataka kunukia mafuta, hataki kunukia choo. Kwa hiyo juu ya kitambaa akavalisha mfuko wa nailoni, akaukaza kwa uzi. Harufu ikabaki ndani. Mteja akija, alifungua, akanawa, akasuka. Mteja akiondoka, aliloweka upya, akafunga tena.

Kidole kiligeuka cheupe kama cha mtu aliyefua mchana kutwa. Hakikuuma. Kisichouma kimepona, alijiambia.

Mteja mmoja alijitazama kwenye kioo, akainamisha shingo. "Vidole, mstari huu umelewa au mimi ndiye nimelewa?"

"Ni shingo yako imepinda," Vidole alijibu. Wakacheka. Lakini alipobaki peke yake aliutazama mkono wake kwa muda mrefu.

Jumamosi ikafika. Wifi alifika mapema, akakaa kwenye benchi kama mwenye nyumba. Harusi yake ilikuwa bado wiki kadhaa. Siku hiyo alikuja kujaribu mtindo.

"Wifi, mimi sitaki kichwa cha kufanana na ufagio," alisema.

"Basi nyamaza, wifi. Kichwa hufuata mdomo."

Aliyekuwa kitini ni jirani yao, muuguzi wa zahanati ya mtaa. Wote walimwita Sista. Nyumba yake na ya Vidole ziliunganishwa na ukuta mmoja, na ukuta ule ulikuwa mwembamba. Sista akipiga chafya, kwa Vidole walisema "afya".

Siku hiyo Sista alikuwa hatulii.

"Shoga, mbona kidole chako kimoja ni cha baridi?" aliuliza. "Kinanitembea kichwani kama konokono."

"Nimetoka kunawa."

"Na hii harufu?"

"Choo, Sista. Shemeji yako ameosha choo."

Kazi ikaisha. Vidole akaleta sufuria ya maji ya moto, akaiweka kwenye kigoda nyuma ya Sista. Mvuke ukapanda. Akakusanya ncha za nywele, akazichovya.

Wifi akaruka kutoka kwenye benchi. "Wifi! Mkono!"

Kidole cha shahada kilikuwa ndani ya maji mpaka kwenye kiungo. Vidole akakitoa bila haraka, akakitazama, akacheka.

"Hii dawa ni kiboko. Hata moto siusikii."

Sista akageuka na kiti. Nywele zilikuwa bado zinamtiririka maji mgongoni. Akaushika mkono ule, akauleta kwenye mwanga wa mlango. Alibonyeza ncha ya kidole kwa ukucha.

"Unasikia?"

"Nini?"

Akabonyeza zaidi. "Na sasa?"

Vidole akatikisa kichwa. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Umekitia nini?"

Ilibidi aseme. Chupa ikatolewa. Sista alipoiona alifumba macho kidogo.

"Chupa ya soda," alisema polepole. "Binti yako anapenda soda?"

Nyuma ya pazia mtoto alikuwa anaimba.

"Tutalizungumza hilo," Sista alisema. "Kwanza maji. Maji mengi, safi, ya kawaida. Yanatakiwa kutiririka, si kukaa ndani ya beseni. Wifi, lete ndoo na kata. Nani ana glavu?"

"Tumpake dawa ya mswaki," wifi alisema. "Mimi nikiungua—"

"Dawa ya mswaki ni ya meno, mama. Lete ndoo."

Vidole alikuwa na glavu za kupakia rangi ya nywele. Sista akazivaa. Kitambaa na nailoni vilivyolowa dawa akavitia ndani ya mfuko, akaufunga. Kisha wakatoka uani. Wifi alimwaga maji, Sista akaosha kidole na mkono mzima kwa sabuni, taratibu, bila kusugua. Ndoo ikaisha. Ikaja nyingine.

"Hatujamaliza?" wifi aliuliza.

"Bado. Mwaga."

Mume akarudi kutoka kazini wakati ule. Akasimama mlangoni na mabuti yake mkononi.

"Kuna nini?"

"Dawa yako, kaka," wifi alisema. "Imemla mke wako."

Mume akabwaga mabuti chini, akachukua kata mkononi mwa dada yake. "Shemeji, ile dawa inaua vijidudu. Mimi naifanyia kazi. Vifaranga wetu hawafi."

"Inaua, shemeji. Hukusema uongo," Sista alijibu. "Endelea kumwaga, nikueleze. Hii ni dawa ya ukoo wa fenoli. Fenoli ni kemikali. Zamani waliitoa kwenye lami ya makaa ya mawe. Siku hizi hutengenezwa zaidi kutokana na mafuta ya petroli. Ndiyo maana inanukia lami. Zamani sana, vidonda vya hospitali vilikuwa vinaoza na watu wanakufa. Madaktari wakaanza kuosha vidonda na visu kwa fenoli. Watu wengi wakapona."

"Ndivyo hivyo! Nami niliosha kidonda," Vidole alisema.

"Lakini mikono ya madaktari wenyewe iliungua, shoga. Na wagonjwa waliofungwa vidole kwa kitambaa cha dawa ile, wengine walipoteza vidole hivyo. Wakajifunza kwa hasara. Ndipo wataalamu wakatafuta ndugu zake walio wapole zaidi."

"Kemikali ina ndugu?" wifi aliuliza.

"Ina ukoo kuliko wewe. Wako wakali, wa kuoshea mabanda na vyoo. Wako wa wastani, wanaotiwa kwenye dawa za kusafishia ngozi na kwenye sabuni. Wako wa kusukutulia koo. Hata aspirini, kile kidonge cha maumivu, hutengenezwa kwa kuanzia na fenoli hiyohiyo."

Mume akasimamisha kata. "Aspirini na dawa ya mabuti?"

"Mwaga maji, shemeji. Ndiyo. Ukoo mmoja, tabia mbalimbali. Wewe na dada yako mmezaliwa tumbo moja. Mnafanana?"

"Mungu apishe mbali," wifi alisema.

"Basi kila mmoja ana kazi yake na kipimo chake. Hata yule mpole ana masharti. Aspirini usimpe mtoto mwenye homa kwa kukisia tu. Uliza kwanza."

"Lakini maumivu yaliisha," Vidole alisema. "Kama inaunguza, kwa nini isiume?"

Sista akapunguza sauti. "Hapo ndipo inapodanganya watu. Inatia ganzi. Inaua kijidudu, inaua na ngozi, na ile mishipa ya kupeleka habari ya maumivu inaizimisha. Nyumba inaungua na aliyekuwa apige kelele amezibwa mdomo. Halafu ukafunga na nailoni. Dawa ikakosa pa kutokea, ikawa inaingia ndani tu."

Mume bado alikuwa na kitu kinamkwama. "Lakini inajuaje ngozi? Si ni dawa ya vijidudu?"

"Haijui. Shemeji, yai ukilitia kwenye maji yanayochemka, ute wake unakuwaje?"

"Unaganda. Unakuwa mweupe."

"Yai hilo ukilipeleka kwenye mashine yenu, litatoa kifaranga?"

Mume aliutazama mkono wa mke wake. Kidole kilikuwa cheupe.

"Fenoli inagandisha hivyo hivyo," Sista alisema. "Kijidudu kinaganda, kinakufa. Ngozi nayo ina uhai. Ndiyo maana kazini mnaitia maji mengi, na hata hapo ni ya mabuti, si ya miguu."

Wakaenda zahanati wote. Sista alichukua na chupa, daktari aione. Njiani wifi alimshika Vidole mkono wa pili, na hakufanya mzaha hata mmoja.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alitoboa pembeni mwa ukucha, akatoa usaha. Vidole hakusikia kitu, na safari hii kutosikia kulimtisha kuliko sindano. Kisha daktari akabonyeza kidole karibu na kiganja, akaachia, akangoja damu irudi. Ikarudi upesi. Akabonyeza ncha. Damu ikakawia.

"Kitapona?" Vidole aliuliza. "Daktari, mimi ni msusi."

"Sitakudanganya. Chini kuko salama. Ncha bado sijui. Ngozi ya juu itakuwa nyeusi, itachubuka. Tukibahatika, chini yake kuna ngozi hai. Tusipobahatika, nitakata kipande. Leo sikati."

Akamchoma sindano ya pepopunda, akampa vidonge, akakifunga kidole kwa bandeji kavu, bila kukaza. "Njoo tubadilishe kila tutakapokuita. Usikilowanishe. Usikitie dawa ya mtu yeyote."

"Hata ya mume wangu?"

"Hasa ya mume wako," daktari alisema. Hiyo ndiyo mara pekee aliyotabasamu.

Siku zile zilikuwa ndefu. Ngozi ya ncha iligeuka nyeusi kama daktari alivyosema. Vidole alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, mkono juu ya mto, akatazama mlango. Wifi alikuja karibu kila siku. Alifagia, akaosha vichwa vya wateja, akasuka mitindo rahisi huku Vidole akimwelekeza kwa mdomo.

"Gawa tena. Hapo umepinda."

"Wifi, nimenyoosha."

"Umenyoosha kama mto wakati wa mafuriko. Gawa tena."

Mume naye alijaribu kumchana binti yao asubuhi. Mtoto alitoka amefanana na kiota, na majirani watatu wakauliza kama amepigana.

Lakini kazini mume alifanya jambo moja kubwa. Alikwenda mpaka kwenye pipa la dawa, akasimama, akalitazama. Kwenye karatasi ya pipa palikuwa na picha. Ilikuwa picha ya mkono, na matone yanaudondokea, na mkono unalika. Alipita mbele ya picha ile kila siku ya kazi. Hakuwahi kuiangalia.

Akamwendea mtunza stoo. "Nieleze kipimo. Chote. Nataka nijue kwa nini."

Jioni alimweleza mke wake. "Dawa hii huvaliwa glavu. Hutiwa kwenye maji, kwa kipimo kilichoandikwa, na kipimo hakizidishwi kwa hasira. Haichanganywi na dawa nyingine. Haitolewi kwenye chombo chake. Na si ya mwili wa mtu, hata kidogo."

"Na ya chooni kwetu?"

"Ile nimeirudisha. Mtunza stoo alinigombeza, nikamshukuru. Ya nyumbani nimenunua dukani, ina chupa yake na maandishi yake. Nimepigilia rafu juu, mtoto hafiki. Hata dada yangu hafiki, na yeye ni mrefu."

Vidole naye alibadilisha mambo. Vitana vyake sasa vilioshwa kwanza kwa sabuni, ndipo vikalowekwa kwenye dawa ya kusafishia vifaa, kwa kipimo cha kwenye chupa na kwa muda ulioandikwa. Kisha vilisuuzwa na kukaushwa. Kijinyama cha ukucha hakuking'oa tena kwa meno. Alikikata kwa mkasi safi. Na wateja waliomwonyesha kidole kilichovimba aliwaambia, "Osha kwa maji na sabuni. Kikipwita, nenda zahanati leo. Usingoje Jumamosi ya wifi yako."

Hata hivyo, jioni, bandeji ilipofunguliwa, alibonyeza ncha ya kidole kwa ukucha. Kimya. Kesho yake tena. Kimya. Ngozi nyeusi ilichubuka kidogo kidogo, na chini yake ikatokea nyingine, laini, ya rangi nzuri. Ukucha ulianguka. Daktari aliridhika, akaacha kutaja kisu. Lakini kusikia, alisema, huja kwa wakati wake, au hakuji.

"Macho yangu yako hapa," Vidole alikuwa akisema zamani. Sasa hakusema.

Siku moja mchana wifi alikuwa anamaliza kichwa cha mteja. Sufuria ilikuwa juu ya kigoda. Vidole alisimama pembeni anaangalia, mkono wake hauna bandeji tena.

"Usichovye kwa pupa, wifi. Shusha taratibu."

"Najua, najua." Wifi akazitupa ncha ndani ya maji. Maji yakaruka.

"Ai!" Vidole alivuta mkono.

"Samahani, wifi, samahani! Imekuunguza?"

"Ndiyo! Si nimekwambia tarati..."

Akakitazama kidole chake. Tone lilikuwa juu ya ncha, kwenye ile ngozi mpya, bado linang'aa.

"Imekuunguza wapi?" wifi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Vidole alikibana kidole kwa ukucha. Akakunja uso. Akakibana tena, na machozi yakaanza kumtoka.

"Kinauma," alisema. "Wifi, kinauma! Kinauma kweli!"

Wifi akapiga kigelegele. Mteja, ambaye hakujua habari yoyote, naye akapiga, maana kigelegele hakiachwi peke yake. Binti akatoka nyuma ya pazia kuona nani anaolewa.

Ukuta ukagongwa. Alikuwa Sista, upande wa pili.

"Jamani! Kuna nini huko?"

"Sista!" Vidole alipiga kelele. "Kidole kinauma!"

Sauti ya Sista ikaja kupitia ukutani, kubwa, yenye kicheko ndani yake.

"Hongera!"

Asubuhi ya siku ya harusi, wifi alikaa kitini. Vidole alisimama nyuma yake na kitana. Ncha ya kidole ilikuwa bado laini, na kila nywele aliyoigawa aliisikia. Alifanya kazi polepole kuliko zamani. Mstari wa kwanza ukatoka, umenyooka.

"Aii, wifi! Unanivuta! Inauma!"

"Shukuru," Vidole alisema, akakaza.